SAMAKI ASIYEKUWA NA JINA

Wazee wetu husema kwamba kuuliza si ujinga. Neno hili nimelisikia tangu utoto wangu, nami nimeliandika mara nyingi katika insha za darasani. Lakini kuliandika neno ni jambo moja, na kulitii ni jambo jingine. Muhula huu nimejifunza tofauti hiyo, na aliyenifundisha ni samaki mdogo, urefu wake kama kidole changu cha kati. Kwa kuwa wanafunzi wengi wanajua mwanzo wa habari hii, na wachache tu wanaujua mwisho wake, nimemwomba mhariri wa gazeti letu anipe nafasi niieleze yote bila ya kujipendelea.

Katika maabara yetu ya Biolojia liko tangi la kioo lililowekwa karibu na dirisha. Tangu kidato cha tatu mimi ndiye mtunzaji wake. Kila Jumamosi hutoa sehemu ya maji machafu na kutia mapya, ambayo nimeyaacha ndooni usiku kucha ili dawa ya bomba ipungue. Chakula cha samaki ni dagaa waliokaushwa, nao huwatwanga mpaka wawe unga. Kazi hii si kubwa, lakini inataka mtu asiyesahau, maana samaki hawezi kupiga kelele kama mbuzi aliyefungwa juani.

Mwanzoni mwa muhula, mwalimu wetu alituruhusu watu watatu twende mwalo wa Nyamukazi, hapa Bukoba, kutafuta samaki wa kujaza tangi. Mvuvi mmoja, mtu mwema sana, alitujazia ndoo kwa bei ndogo: furu sita, sato wachanga wanne, na takataka nyingine za wavu. Tulipofika shuleni na kuwamimina, tukaona mmoja asiyefanana na wenzake. Alikwenda moja kwa moja chini ya jiwe, akajificha huko, wala hakutoka mpaka taa zilipozimwa.

Siku tatu nilimvizia. Nilikwenda maabara baada ya masomo ya jioni nikiwa na tochi niliyoifunika kwa karatasi nyekundu, nikaandika katika daftari yangu kila nilichokiona. Hana magamba. Rangi yake ni ya udongo wa kahawia, yenye mabaka meusi. Ana sharubu jozi tatu: jozi moja ndefu ya mdomo wa juu, na jozi mbili za mdomo wa chini zenye vitawi kama mizizi midogo. Kichwa chake kimefunikwa na mfupa mgumu kama kofia ya chuma. Pezi la mgongo ni fupi, na mbele yake limesimama mwiba. Kila pezi la ubavuni nalo lina mwiba wake, wenye meno kama msumeno. Nyuma ya pezi la mgongo kuna pezi jingine la nyama tupu, lisilo na mifupa. Na jambo moja zaidi niliandika chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kwa sababu sikuliona kuwa la maana: nilipomnyanyua kwa wavu wa mkono siku ile ya kwanza, alitoa sauti, kama mlango unaohitaji mafuta.

Nikaanza kumtafutia jina. Kwa kuwa ana sharubu na hana magamba, nilijua kwamba ni wa kabila la kambare. Lakini kabila hilo ni kubwa, maana duniani lina aina zaidi ya 3,000. Nikamlinganisha na wale ninaowajua. Kambare wetu wa matopeni ana pezi refu la mgongo, kuanzia kisogoni mpaka karibu na mkia, nalo halina mwiba. Tena ana sharubu jozi nne. Huyu siye. Hongwe naye ana jozi nne, na pezi lake la nyama ni refu sana. Huyu siye. Nembe ni bapa, mweupe kama fedha, na pezi lake la chini ni refu kupita kiasi. Huyu siye.

Mwalimu alikuwa ametusimulia pia habari za kambare mdogo wa vilindi vya Ziwa Victoria, aitwaye kwa Kilatini Xenoclarias eupogon. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1928, naye hapatikani popote duniani ila katika ziwa letu. Lakini ni miaka mingi sasa hajaonekana, na inahofiwa kwamba ametoweka. Moyo wangu ulidunda nilipomkumbuka. Hata hivyo na huyo ni ndugu wa kambare wa matopeni, hana mwiba mgongoni. Huyu siye.

Basi, msomaji mpenzi, hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimetaja samaki wanne, nikaona kuwa wangu si mmoja wao. Badala ya kusema, "Mimi simjui," nilisema, "Hajulikani." Maneno hayo mawili yanakaribiana kwa sauti, lakini kati yake kuna ziwa zima.

Siku ya Jumatatu nilibandika karatasi katika ubao wa matangazo: "SAMAKI MPYA AGUNDULIWA SHULENI KWETU." Chini yake nilimchora, nikampa jina la Kilatini la maneno mawili, maana ndivyo alivyofundisha Linnaeus wa Sweden, ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho msingi wa majina ya wanyama mpaka leo: jina la kwanza ni la ukoo, la pili ni la aina yenyewe. Jina la pili nilichukua la familia yetu, nikaliongezea mkia wa Kilatini. Wanafunzi walijaa mbele ya ubao ule mpaka kiranja akaja kuwatawanya. Kwa siku kadhaa niliitwa Profesa bwalo zima, nami sikukataa.

Mwalimu wangu aliniuliza, "Umetazama vitabu?" Nikamjibu kwamba nimetazama. Kweli nilikuwa nimetazama kimoja, kile cha darasani. Akaniambia, "Maktaba kuna kitabu cha zamani cha Greenwood juu ya samaki wa Uganda. Ziwa ni moja, na samaki hawana pasi ya kuvukia mpaka. Kisome kwanza, ndipo useme." Nikaitika vizuri, lakini sikwenda. Sababu yenyewe naona haya kuitaja, lakini nitaitaja: niliogopa kwamba nitamkuta humo.

Jambo lililonifunga zaidi ni barua. Nilikuwa nimemwandikia mama, nyumbani Muleba, kwamba mwanawe amegundua samaki ambaye hata Wazungu hawamjui, na kwamba Siku ya Wazazi atamwona ndani ya kioo, jina la familia limeandikwa chini yake. Mama alifurahi mno, akawaeleza majirani na wenzake wa kwaya. Ndugu yangu mdogo aliniletea salamu kwamba kijijini watu wanauliza kama nitalipwa.

Kabla ya Siku ya Wazazi nilitaka kuchora picha kubwa, nzuri, ya miiba yake. Nikamvua kwa wavu. Mara miiba yote mitatu ikasimama, ikanasa katika matundu ya nyuzi. Nilijaribu kumtoa polepole, haikuwezekana. Kengele ya chakula ilikuwa imelia, nami sikutaka kuchelewa. Nikavuta. Nilisikia mwiba wa ubavu wa kushoto ukivunjika, sauti ndogo kama njiti ya kibiriti. Nikavuta tena, na ule wa mgongoni ukaenda. Nilimrudisha majini, naye akazama kwa ubavu. Kulipopambazuka alikuwa amekufa.

Sikumwambia mtu. Nilimfunga katika karatasi, nikamweka kabatini siku mbili nikiwaza la kufanya, na nilipomtia katika chupa ya spiriti alikuwa amekwisha kuharibika: mabaka yamefifia, sharubu zimekauka na kukatika, na mdomo umeanza kuoza. Ndipo nilipojua kwamba nimeua kitu nilichojisifia, tena nimekiharibu hata baada ya kukiua.

Likizo fupi ikaja. Nilipanda basi nikiwa na chupa ile ndani ya soksi, tukapita Kemondo, Muhutwe na Izigo, mpaka Muleba, kisha nikatembea kwenda kwa babu, ambaye nyumba yake iko katika migomba juu ya ziwa, mahali unapoweza kukiona kisiwa cha Bumbire siku isiyo na ukungu. Babu alivua samaki tangu ujana wake katika miaka ya 1960. Sasa haoni, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Nilipiga goti nikamwamkia, "Kasinge, waitu," naye akanijua kwa sauti, akanipapasa kichwa, akaagiza niletewe kahawa ya kutafuna kama mgeni.

Baada ya chakula akasema, "Mama yako ameniambia habari za samaki wako. Nisimulie."

Nilimsimulia. Nilimweleza mabaka, sharubu na kofia ya mfupa, kwa maneno ya kitabuni, kama mtu anayejibu mtihani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Alipotolewa majini, alisema nini?"

Nilinyamaza. Katika daftari yangu neno lile lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo. Nikamwambia, "Alilia, babu. Kama mlango."

Akanyosha mkono. Nikafungua chupa, nikamwekea samaki kiganjani. Vidole vyake vilipita juu ya kofia ya mfupa, vikashuka mgongoni, vikasimama pale palipovunjika. Akataja jina lake kwa Kihaya, kisha akalitaja kwa Kiswahili cha wavuvi: "Huyu ni gogogo. Mtoto wa gogogo. Tulimvua tele kabla sangara hajajaa ziwani. Ningu, soga, domodomo, gogogo, na furu wasio na idadi." Akanyamaza kidogo, kidole chake bado kiko pale pale. "Nani amemvunja?"

"Mimi, babu."

"Ulivuta?"

"Nilivuta."

Hakunikaripia. Alisema, "Gogogo havutwi. Yeye akishika, ameshika. Sisi tuliokuwa tukimtafuta kwa kula tulimvunja miiba kwa koleo, maana ukikosea atakuchoma na mkono utavimba. Lakini anayemtaka mzima hukata uzi. Wavu hushonwa, mjukuu wangu."

Usiku ule sikulala upesi. Niliporudi shuleni nilikwenda maktaba kabla hata sijafungua sanduku. Kitabu cha Greenwood kilikuwa pale pale alipoonyesha mwalimu, nacho nilimkuta gogogo wangu amechorwa. Kwa Kilatini ukoo wake ni Synodontis, jina lililotolewa na Cuvier wa Ufaransa mwaka 1816. Mwalimu alinisaidia kusoma zaidi, nami nitaeleza kwa ufupi, kwa faida ya wenzangu.

Ukoo huu una aina zaidi ya 100, na wote ni wa Afrika. Bara jingine halina hata mmoja. Sauti yake haitoki kooni: samaki husugua shina la mwiba wa ubavuni ndani ya tundu lake la mfupa, nalo hulia. Mwiba wa mgongoni una kufuli, hivyo ukisimama hauwezi kulazwa kwa nguvu, na ndege anayetaka kummeza hujuta. Katika ukoo huo yuko mmoja wa Mto Kongo anayeogelea tumbo likiwa juu, na kwa hiyo tumbo lake ndilo jeusi kuliko mgongo. Yuko mwingine wa Ziwa Tanganyika, mwenye madoadoa mengi, ambaye huacha mayai yake katikati ya mayai ya samaki wanaolea watoto kinywani. Mama yule huyaokota yote bila kujua, na watoto wa mgeni huanguliwa mapema wakala watoto wa mwenye nyumba. Samaki wa namna hii hununuliwa na watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga samaki majumbani kwa kupendezwa nao tu.

Na wa ziwa letu? Mwaka 1888, mtaalamu aitwaye Hilgendorf, wa Berlin, aliandika habari za gogogo aliyechukuliwa katika Ziwa Victoria na msafiri Fischer, akamwita Synodontis afrofischeri. Mwaka 1906, Boulenger wa London akaandika habari za mwingine, anayekua mkubwa zaidi, akamwita Synodontis victoriae. Tena, katika maji ya Mto Kagera yako makao ya wa tatu, aliyeandikwa mwaka 1959 na kupewa jina la nchi ya Rwanda. Basi yule samaki "asiyejulikana" alikuwa amejulikana na Wazungu kwa zaidi ya miaka 100, na wavuvi wa pwani hii walimjua kabla ya Fischer kuzaliwa.

Ilibaki kujua ni yupi kati ya hao. Wataalamu huwatenganisha kwa kuhesabu meno ya taya la chini, kwa urefu wa sharubu, kwa umbo la mfupa ulio nyuma ya kichwa, na kwa madoa ya mwili. Tulimtoa katika chupa, tukamtazama kwa kioo cha kukuzia. Meno yamedondoka. Sharubu zimekatika. Madoa yamefifia. Mwalimu aliweka kioo chini akasema, "Tutaandika jina la kwanza. La pili tutaacha wazi." Sikuhitaji adhabu nyingine.

Siku ya Wazazi ilifika. Chupa iliwekwa mezani kando ya tangi, na mbele yake kibandiko nilichokiandika mwenyewe: "Gogogo, Synodontis, Ziwa Victoria, Nyamukazi. Aina haikuweza kutambuliwa kwa sababu ya kuharibika." Wazazi walipoingia maabara, mwalimu aliniambia nieleze. Mama alikuwa amesimama mstari wa mbele, amevaa kitenge chake cha sikukuu, na pembeni yake wanakwaya wawili aliokuja nao kutoka Muleba.

Niliwaeleza yote: karatasi ya ubaoni, kitabu nilichoogopa kukifungua, wavu nilioruka kuukata, na babu aliyemjua kwa mguso. Sauti yangu haikuwa nzuri, lakini nilifika mwisho. Watu walinyamaza. Kisha mzee mmoja wa nyuma akacheka, akainua mkono na kuonyesha kovu katika kiganja chake, akasema, "Gogogo! Huyu ndiye aliyenichoma nilipokuwa na umri wako." Hapo kila mtu aliyepata kuvua alikuwa na habari yake, na maabara ikajaa maneno. Mwalimu alinipa kalamu akaniambia niandike. Siku ile tuliandika majina ya samaki kwa Kihaya, kwa Kisukuma na kwa Kijaluo, kurasa nne nzima.

Watu walipotoka, mama alibaki. Alikitazama kibandiko kwa muda, akitafuta jina letu, hakuliona. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nimekuaibisha kwa majirani."

Alinifunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akasema, "Basi, nitawaambia ni gogogo." Kisha akaniuliza kama ninakula vizuri.

Nimefikiri sana juu ya kurasa zile nne. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leiden, walioanza kazi ya furu kule Mwanza mwaka 1977, walikuta aina nyingi mno za samaki hao, na muda si mrefu mamia yao yakatoweka mbele ya macho yao, baada ya sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, kuongezeka. Wengine walitoweka kabla hawajaandikwa jina lolote kitabuni. Labda wavuvi walikuwa na majina yao, lakini hakuna aliyewauliza. Mimi nilitaka kuongeza jina moja la Kilatini, la familia yangu. Naona kwamba kazi iliyo karibu zaidi ni kuyaokota yale yaliyokwisha kuwapo, kabla wazee wenye nayo hawajatuacha.

Wiki iliyopita mvuvi wa Nyamukazi alituletea gogogo mwingine, mzima. Miiba yake ilikuwa imenasa katika kipande cha wavu. Niliuliza kwanza kama naweza kukata, naye akasema, "Kata." Nilikata nyuzi kumi na moja kwa mkasi wa maabara, moja moja, na samaki akilalamika muda wote. Sasa anakaa chini ya jiwe lile lile. Meno yake hatujayahesabu bado. Tunangoja akue, na mwalimu amekwisha kuwaandikia wataalamu wa uvuvi wa Mwanza watuelekeze namna ya kuyahesabu bila ya kumwumiza.

Mwezi wa Novemba sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani na kuondoka. Ninamtafuta mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili wa kumwachia tangi hili. Asiwe mwepesi wa kubandika karatasi ubaoni, na awe na subira ya kuacha maji ndooni usiku kucha. Atakayependa aje maabara Jumamosi saa nne asubuhi. Mkasi nimeutundika ukutani, karibu na wavu.